Chumba Kifuani mwa Kola

Saa moja na nusu asubuhi mlinzi alifunga mlango wa ukumbi wa kushonea kwa nje, akatia kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha, kisha akaondoka na ufunguo mfukoni kwenda zake getini. Ndani walibaki washonaji sitini na wawili, pasi nne za mvuke, pipa la gundi ya kukazia kola na msimamizi mmoja. Madirisha yalikuwa juu karibu na dari, yamepakwa rangi nyeupe na kupigwa misumari. Mlango ungefunguliwa saa sita na nusu kwa chakula, ungefungwa tena, na ungefunguliwa saa kumi na moja watu waende makwao. Sababu ilikuwa vitambaa. Miaka mitatu nyuma vitambaa vilipotea, mwizi hakupatikana, basi wakafungiwa wote.

Ukumbini hakuna aliyeitwa jina alilopewa na wazazi wake. Kila mtu alishona sehemu moja tu ya shati, Jumatatu mpaka Jumamosi, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake. Kulikuwa na Mfuko, kulikuwa na Pindo, na kulikuwa na mzee mmoja mpole aliyeitwa Tundu kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoboa matundu ya vifungo. Mtu akihamishwa sehemu alihama na jina, na wiki ya kwanza ilikuwa tabu kidogo, maana msimamizi akiita Pindo waliitika wawili.

Kola alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye mdomo. Si mdomo wa umbeya, la, mdomo wa kusema. Wenzake walisema Kola akikohoa tu, msimamizi anakumbuka ana kazi upande wa pili. Mwenyewe aliujua mdomo wake na haukumpa raha hata kidogo. Ulikuwa umemgombanisha na dada yake wa tumbo moja, mwaka wa sita huo hawajatiana machoni, na nyumbani mumewe alikuwa amejifunza kula haraka na kutoka mezani kabla mazungumzo hayajaanza. Kila jioni Kola alipanga kwamba kesho atanyamaza. Kesho ilifika, ulimi hauna mfupa, mambo yakawa yaleyale.

Kulia kwake alikaa Mikono, binti wa miaka ishirini na minne, mke wa fundi wa kupaka rangi nyumba na mama wa mtoto mmoja wa kike. Mikono alikuwa na pumu. Vumbi la kitambaa, mvuke wa pasi na gundi vikikutana kifuani mwake, kifua kilianza kupiga mluzi, naye akaendelea kushona huku akitabasamu kwa aibu kama mtu ambaye tumbo limemlia mbele za watu. Kola alishona huku sikio moja liko kwenye mluzi ule. Ukipanda sana alisimama na kupiga kelele, "Fungueni mlango! Mtu anakufa humu!" na kelele zake zilifika getini, zikavuka na barabara. Mlinzi alikuja akifungua huku akilaani, Mikono akatolewa nje kwa dakika kumi, akapata pumzi, akarudishwa. Ilikuwa imetokea mara nne mwaka ule.

Hakuna mwingine aliyepiga kelele. Si kwamba hawakumpenda Mikono, walimpenda sana. Lakini nyakati zilikuwa mbaya. Oda zilikuwa zinapungua, wengine walisema kiwanda kitahamishwa, wengine walisema kitauzwa, na kila Ijumaa mtu mmoja au wawili waliambiwa wasihangaike kuja Jumatatu. Wakati kama huo mtu hufyata ulimi akaangalia sindano yake. Walimwachia Kola apige kelele kwa niaba ya wote, wakamwombea heri kimoyomoyo.

Mwezi wa tatu Kola aliandika ombi kwamba mlango usifungwe kwa kufuli. Kulipitisha kwa mkono kungekuwa hatari, kwa hiyo alitumia njia ya mafurushi. Ukumbini kazi ilitembea kwa mafurushi: vipande vya mashati ishirini vimefungwa pamoja kwa utepe, na tiketi inaning'inia. Kila mshonaji akimaliza sehemu yake alitia sahihi kwenye tiketi na kusukuma furushi kwa jirani. Kwa siku mtu mmoja alitia sahihi mara thelathini na zaidi, na hakuna aliyesoma, maana macho yalikuwa kwenye kazi. Kola alikata karatasi yake saizi ya tiketi, akaikunja vizuri, akaifunga kwenye furushi. Waliojua kilichoandikwa walitia sahihi kwa kuwa walitaka, na wasiojua walitia kwa mazoea. Kola hakuona ubaya wowote, jambo lenyewe lilikuwa la manufaa kwa wote. Jioni karatasi ilimrudia ikiwa na sahihi sitini na mbili, akampelekea msimamizi.

"Nitaifikisha juu," msimamizi alisema. Alikuwa mtu wa jasho jingi na hofu nyingi, na yeye pia alifungiwa humo kila siku, ila watu walilisahau hilo.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, nalo lilikuwa mwalimu wa utulivu. Alikuwa mama mnene wa sauti laini, amevaa viatu visivyotoa mlio, na alipewa nusu saa kila Jumanne, iliyokatwa mwishoni mwa muda wa chakula, mlango ukiwa umeshafungwa tena.

"Dunia imechafuka," aliwaambia. "Ya kesho hatuyajui. Hayo huwezi kuyabadilisha. Unachoweza kukibadilisha ni wewe mwenyewe."

"Na mlango je?" Kola aliuliza.

"Mlango ni mambo ya nje, mama. Sisi hapa tunashughulikia ya ndani."

"Ndani ndiko tuliko, mwalimu. Tena kwa kufuli."

Watu walicheka, na mwalimu alicheka pamoja nao, kisha akawaambia wafumbe macho, wahesabu pumzi kumi, waingie ndani yao. Kola alifumba macho kwa dharau, akahesabu. Pumzi ya sita ilipotoka, aliingia.

Kilikuwa chumba cha hatua nne kwa tano, sakafu ya saruji, kuta za chokaa. Kulikuwa na dirisha, na dirisha lilikuwa wazi, na nje ya dirisha palikuwa na ua wenye udongo mbichi uliotoka kunyeshewa mvua. Hewa iliingia tu, hakuna aliyeizuia. Nafasi iliyobaki ilijaa mafurushi, yamepangwa mpaka darini, na kila furushi lilikuwa na tiketi, na kila tiketi ilikuwa na sahihi moja tu, ya kwake. Alisimama akavuta hewa mpaka aliposikia mwalimu akiwaita watoke.

"Umekuta nini?" mwalimu alimuuliza.

"Chumba."

"Kikoje?"

"Kimejaa mizigo."

Mwalimu aliandika kwenye daftari lake. Pindo alikuwa amekuta ngazi mbili zisizoelekea kokote, Tundu alikuta kigoda, na Mfuko hakukuta kitu ila kwikwi iliyomsumbua mpaka jioni. Mwalimu alisema si haba, watu wengi huishia kwenye korido.

Nyumbani Kola alimweleza mumewe, ambaye alikuwa fundi redio. "Kina umeme?" mumewe aliuliza. Kola alisema hakuangalia. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele kando, alisema marehemu mama yake naye alikuwa nacho, ila cha kwake kilikuwa na panya.

Kuanzia siku ile Kola aliingia kila alipopata nafasi. Aligundua kwamba vidole vyake viliendelea kushona vizuri kabisa nje huku yeye yuko ndani, ila kola zilitoka nyororo zaidi. Alilifungua furushi la kwanza. Ndani kulikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa yalikuwa maneno yaliyoshonwa kwa mkono wake mwenyewe, mshono wa kurudia, wa kubana: Wewe ulikuja kuzika, hukuja kuuguza. Ndiyo maneno aliyomwambia dada yake siku walipogawana vitu vya mama yao. Kola alikaa chini akayatazama. Yalikuwa kweli, na ndiyo maana yaliuma, na ndiyo maana alikuwa ameyasema mbele ya watu. Alitoa kisu kidogo cha kufumulia, akaanza kufumua, tundu baada ya tundu. Yalimchukua siku tatu.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa dada yake. Dada alifungua mlango nusu, akashika kitasa.

"Umekuja kugombana?"

"Nimekuja kukaa."

Dada aliachia kitasa. "Basi kaa," alisema, akafungua mlango wote. Walikaa. Baadaye walilia, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kumliza, na giza lilipokaribia dada alimsindikiza mpaka nusu ya njia, wakasindikizana tena kurudi, kama walivyokuwa wakifanya zamani wakiwa wasichana.

Alifumua furushi la mumewe. Alifumua la mama mkwe, na la jirani waliyegombana kwa ajili ya kuku, na mengi madogomadogo ya wauza duka. Mengine yalikuwa na maneno aliyojisemea mwenyewe, tangu akiwa na miaka saba, na hayo uzi wake ulikuwa umeoza na kazi yake ilikuwa ngumu kuliko yote. Mumewe alianza kula taratibu na kunenepa. Hili lisemwe bila mzaha: Kola alikuwa na raha. Kazi ilikuwa ileile na Ijumaa zilikuwa zilezile, lakini asubuhi aliamka akiwa mwepesi, na jioni alimkuta mtu mmoja tu ndani yake, naye alikuwa akipatana naye.

Siku moja mluzi wa Mikono ulianza. Kola badala ya kusimama alimsogezea kiwiko. "Shika hapa," alisema. "Fumba macho, vuta." Mikono alishika kiwiko na akaingia, akasimama dirishani mle ndani akapumua, huku nje vidole vyake vikiendelea kushona mikono ya mashati. Baada ya robo saa alitoka, uso umerudi rangi yake.

"Dada Kola," alisema, "kwako kuna hewa jamani!"

"Karibu tena," Kola alisema.

Alikaribia tena na tena. Pindo alikwenda pia, na Mfuko, na mzee Tundu aliyeingia na kigoda chake. Hawakufanya fujo na waliacha viatu kando. Msimamizi aliona kwamba wiki saba zimepita na mlango haujaombwa kufunguliwa hata mara moja, akaandika hivyo kwenye ripoti yake. Mwalimu wa utulivu alipewa Jumanne nyingine sita.

Sasa lilibaki furushi moja. Lilikuwa chini ya dirisha, kubwa, la moto ukilishika, na tiketi yake iliandikwa Mlango. Kitambaa chake kilikuwa kizito kama turubai, na zile kelele zote nne zilishonwa humo, na nyingine nyingi ambazo Kola hakuwa amezipiga bado. Kila alipokaa chumbani alilihisi mgongoni. Alimuuliza mwalimu.

"Na hili la mlango, nalo nilifumue?"

"Linakupa amani?"

"Halinipi."

"Basi umeshajijibu, mama."

Kola alisita siku kadhaa. Lakini mtu aliyefagia nyumba nzima haachi taka kona moja, na isitoshe Mikono sasa alikuwa na mahali pa kupumulia, kelele za nini? Alianza kulifumua Jumatano, akamaliza Jumanne. Nyuzi alizitupa nje ya dirisha, upepo ukazichukua. Chumba kikawa kitupu, kisafi, na hakikuwa na sauti yoyote. Alikaa katikati ya sakafu akahisi kwamba hajawahi kuwa mzima hivyo maishani mwake.

Siku iliyofuata mafurushi yalipita kama kawaida. Kwenye furushi moja, nyuma ya tiketi, palikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri, saizi ya tiketi. Kola alitia sahihi akasukuma furushi kwa Mikono. Mikono alitia sahihi akasukuma kwa Mfuko. Jioni msimamizi aliichukua ile karatasi.

Alhamisi ililetwa gundi mpya, ya bei rahisi na ya harufu kali. Saa nne na robo Mikono alikohoa mara mbili, kisha mluzi ukapanda moja kwa moja bila kupita katikati. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Kikopo chake cha dawa ya pumu ya kupuliza kilikuwa kimeisha. Midomo yake iligeuka rangi.

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Watu wote ukumbini waligeuka wakamtazama Kola, wakingoja kelele zake, kama walivyozoea.

Kola alisimama. Alifungua kinywa. Alitafuta kelele mahali pake na mahali pake palikuwa pasafi, pamefagiliwa. Kilichotoka kilikuwa hiki: "Naomba mlango ufunguliwe, tafadhali." Alisema kwa sauti nzuri, ya upole, na haikufika hata kwa Pindo mstari wa pili.

"Kola!" Mfuko alisema. "Piga kelele!"

"Napiga," Kola alisema kwa upole.

Msimamizi alikimbilia mlangoni akagonga kwa rula, kisha kwa ngumi. Mlinzi hakuwepo getini, alikuwa amevuka barabara kushonesha kiatu. Wengine walijaribu kupiga kelele lakini hawakuwa na mazoezi, na kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Mikono alikuwa ameshaanguka kwenye mapaja ya Kola, macho yamemtoka pima, anavuta na hakiji kitu.

"Shika," Kola alimwambia, akamwekea kiwiko mkononi, akafumba macho kwa ajili ya wote wawili.

Mikono aliingia. Safari hii hakuacha vidole vyake nje vikishona. Aliingia mzima, na viatu, na mkasi uliokuwa shingoni, na kwenye mapaja ya Kola hakikubaki kitu isipokuwa nyuzi mbili tatu, Kola akazipangusa. Mlinzi alifungua baada ya dakika ishirini, akauliza nani anakufa. Hapakuwa na mtu wa kutoa nje.

"Toka sasa," Kola alimwambia Mikono wakati wa chakula. "Wamefungua."

"Wamefungua kabisa, au wamefungua tule?" Mikono aliuliza kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa safi, haina mluzi.

"Wamefungua tule."

"Basi nasubiri, dada."

Ilieleweka haraka jinsi mambo yalivyo. Mtu aliyeingilia ukumbini hana budi kutokea ukumbini. Jioni nyumbani kwa Kola alijaribu kutoka, akashindwa hata kufika kooni. Na ukumbini hewa ilihitaji mlango uwe wazi asubuhi nzima ili ibadilike, si dakika kumi, si nusu saa. Siku ya kwanza Mikono alipandisha kichwa kidogo tu, kifua kikambana palepale, akarudi.

Mume wa Mikono alifika jioni ileile, rangi ya ukutani bado iko kwenye nyusi zake, amembeba mtoto. Walimkaribisha sebuleni. Alikaa mbele ya Kola asijue atazame wapi.

"Shemeji, niwie radhi," alisema, kisha akamwita mkewe kwa jina lake hasa, lile alilopewa na wazazi wake. Kola alikuwa amekaa naye bega kwa bega miaka minne na alikuwa hajawahi kulisikia. Lilikuwa jina zuri. Mkewe aliitika, wakazungumza mambo ya nyumbani: sare ya mtoto iko wapi, nani atamchana nywele, mafuta yasisahaulike jikoni. Mume wa Kola alizima redio ili wasikizane.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Aliweka sikio kwenye kifua cha Kola.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mwanangu," mama yake alisema.

"Fungua."

"Sina ufunguo, mama."

Kola alikaa wima bila kutikisika mpaka walipoondoka, na walipoondoka alikwenda uani akasimama akishika kamba ya nguo. Alitaka kulia kwa hasira. Alilia, lakini hasira haikuwemo.

Asubuhi alimwendea msimamizi, yeye na Mfuko na Pindo na mzee Tundu. Walitaka mlango uachwe wazi asubuhi moja tu, mtu atoke. Msimamizi alifuta jasho, akafungua droo, akawawekea karatasi mezani. Iliandikwa kwamba washonaji wa ukumbi, baada ya mafunzo, wamepata utulivu, na ombi lao la zamani kuhusu mlango wameliondoa kwa hiari yao. Chini yake sahihi za ukumbi mzima. Ya kwanza ilikuwa ya Kola. Ya pili ilikuwa ya Mikono, kwa ule mwandiko wake wa duara.

"Sikusoma," Kola alisema.

"Na ile yako ya mwezi wa tatu, walisoma?" msimamizi aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Jibu Kola alilijua.

"Mtu yumo humu," Mfuko alisema, akigusa kifua cha Kola kwa kidole.

"Najua. Nimemwandika amehudhuria," msimamizi alisema. "Anaingia na Kola saa moja na nusu, anatoka na Kola saa kumi na moja. Sijamkata hata siku moja." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye mwenyewe hajui kama Jumatatu atakuwepo.

Baada ya hapo Kola alijitahidi kurudisha kelele zake, hakuna atakayesema hakujitahidi. Alikwenda uwanjani asubuhi akapiga kelele kwenye nyasi, zikatoka kama mtu anayeshukuru. Aliingia chumbani akachungulia dirishani kutafuta zile nyuzi, akazipata chache zimenasa kwenye udongo, lakini mshonaji yeyote anajua kwamba uzi uliofumuliwa haushoni tena, ukiuvuta unakatika. Mikono alimsaidia kuzifunga fundo, wakashona pamoja mstari mmoja, ukakatika. Akamwendea dada yake, akamweleza.

"Unataka nikutukane?" dada aliuliza.

"Nisaidie."

Dada alivua vitenge viwili vya begani, akaviweka kando, akamtukana. Alianzia utosini akashuka mpaka kwenye vidole vya miguu, akamfufulia ya utotoni, akamtajia na mwanamume aliyemkataa. Alipomaliza alikuwa anahema. Kola alimtazama, moyo wake ukajaa mapenzi tele kwa dada yake, na hapakuwa na kingine.

"Jamani," dada alisema, akaketi. "Wamekuweza."

Jumatatu ililetwa mshonaji mpya, binti mwembamba aliyekuwa ameomba kazi tangu mwaka jana. Alikalishwa kwenye cherehani ya kulia kwa Kola, akapewa mikono ya mashati, akawa Mikono. Msimamizi akiita jina hilo waliitika wawili, mmoja kutoka kitini na mwingine kutoka kifuani mwa Kola, mpaka yule wa kifuani alipozoea kunyamaza. Kola peke yake ndiye aliyemwita kwa jina lake hasa, kwa sauti ya chini, wakati pasi zinapovuma.

Kila asubuhi kufuli lilipobana yule wa ndani aliuliza, "Vipi, wamefungua?"

"Bado," Kola alijibu.

"Haya."

Mwalimu wa utulivu alirudi kwa zile Jumanne zake sita. Alimsimamisha Kola mbele ya wenzake na kuwaambia kwamba huyu hapa alikuja na mizigo mpaka darini, leo hana hata mmoja. Aliwaambia wafumbe macho. Akamwomba Kola awaeleze wenzake kwa kifupi, sasa hivi ndani mna nini.

"Mna mtu," Kola alisema.

Mwalimu aliandika. "Na amani je, ipo?"

Kola alifikiri, kwa kuwa hakuwa mwongo. Alitazama ndani. Kuta zilikuwa nyeupe, hewa ilikuwa inaingia, na chini ya dirisha mama wa mtoto alikuwa ameketi sakafuni akikunja na kukunjua kitambaa kitupu.

"Ipo," alisema.

Watu walipiga makofi kidogo. Msimamizi aliangalia saa, cherehani zikaanza tena. Pipa la gundi lilifunuliwa. Haikupita robo saa, kulia kwa Kola, yule binti mpya alikohoa mara mbili, na kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Aliendelea kushona huku akitabasamu kwa aibu. Mluzi ulipanda. Mfuko aliacha kazi, Pindo akaacha, mzee Tundu akageuka, na nyuso zote ukumbini zikamwelekea Kola.

Kola alipima kwa macho nafasi iliyobaki mle ndani. Alimwambia aliyemo asogee kidogo ukutani, kisha akanyoosha kiwiko.